Kuzuru Ujiji kwa masikio: mji wa misafara na maneno yake

Anayekwenda kuzuru mji wa kale kwa kawaida hutafuta mawe. Katika majangwa ya magharibi mwa India hatafuti kwa muda mrefu. Jaisalmer, mji ulioanzishwa mwaka 1156 katika jangwa la Thar, unaonekana kutoka mbali: ngome ya mawe ya manjano juu ya kilima, na watu bado wanaishi ndani yake. Bhuj, mji mkuu wa zamani wa Kutch, una majumba ya watawala wake, na upande wake wa kaskazini kuna nyanda pana za chumvi ambako hakuoti kitu. Miji hiyo iliishi kwa biashara ya safari ndefu. Mizigo iliingia, ushuru ukatozwa, matajiri wakajenga.

Kwetu kwenye ziwa Tanganyika, mji wa aina hiyo ulikuwa Ujiji. Hapo ndipo ilipoishia njia ya miguu iliyoanzia Bagamoyo, na hapo ndipo ilipoanzia njia ya maji iliyokwenda Uvira, Burundi na, ng'ambo ya ziwa, Manyema. Ila Ujiji ulijengwa kwa udongo, miti na nyasi. Mwanafunzi anayefika pale leo akitafuta kuta za kale atarudi mikono mitupu na kuwaambia wenzake kwamba hakuna cha kuona. Somo hili limeandikwa kwa wale wa kitivo chetu wanaotaka kufanya ziara hiyo, na lina dai moja: Ujiji huzuriwa kwa masikio. Kilichobaki pale ni maneno hasa, na mengi kati yake sisi wa Uvira tunayo mdomoni bila kujua yalipita wapi.

Anza Uvira

Ziara ianzie hapa hapa, kwa sababu Uvira na Ujiji ni kurasa mbili za kitabu kimoja. Hata majina yanasema hivyo. Ujiji mwanzoni halikuwa jina la mji. Lilikuwa jina la nchi ya Wajiji, na kijiji ambamo wageni wa mwaka 1858 walikaa kiliitwa Kawele. Wenye misafara walizitaja nchi zote walizopita kwa kiambishi kile kile: Ugogo, Unyamwezi, Ujiji, Urundi, Uvira. Lugha za kwetu kwa kazi hiyo hutumia zaidi bu-. Kwa hiyo tunapoandika "Uvira" kwenye bahasha, tunaandika jina la nchi ya Wavira kama lilivyotamkwa na watu waliokuja kwa Kiswahili.

Kati ya watu hao walikuwamo Waingereza wawili, Richard Burton na John Speke, waliofika Ujiji Februari 1858. Burton alikuwa mgonjwa kiasi cha kubebwa, Speke alikuwa karibu haoni. Walitafuta chanzo cha Nile, na swali lao juu ya ziwa letu lilikuwa moja: mto ulioko kaskazini, Rusizi, unaingia ziwani au unatoka ziwani? Kama unatoka, huenda ndio Nile.

Speke alikwenda kwanza peke yake ng'ambo ya ziwa, kwenye kisiwa cha Kasenge, kumwomba mfanyabiashara Mwarabu, Sheikh Hamed bin Sulayyim, awakodishie jahazi. Jahazi hakulipata, lakini alirudi na habari iliyowafurahisha wote wawili: sheikh amesema kuna mto mkubwa unaotoka ziwani upande wa kaskazini. Wakapanda mitumbwi ya Kannena, mkubwa wa Kawele, wakafuata pwani ya Burundi, wakavuka, na tarehe 26 Aprili 1858 wakafika Uvira. Wafanyabiashara wa wakati ule hawakupita zaidi ya hapo. Walikuja kununua pembe, vyuma, nguo za magome ya miti, na watu.

Uvira ndipo habari ilipogeuka. Wana watatu wa mtawala wa Wavira, ambaye Burton anamwita Maruta, walikuja kuwaona wageni. Wakaulizwa juu ya Rusizi. Walisema wameufikia mto huo kwa miguu yao na kwamba unaingia ziwani; wote watatu walisema hivyo, na waliokuwapo wakawaunga mkono. Hapo mkalimani, Sidi Mubarak Bombay, akasema kwamba hata Sheikh Hamed alikuwa amemaanisha hivyo hivyo: mto unaingia. Wapiga makasia wakakataa kwenda mbele, na wageni wakarudi Ujiji bila kuuona mdomo wa mto.

Kitenzi kimoja

Mwanafunzi wa isimu asiliache tukio hili lipite haraka. Speke hakujua Kiswahili wala Kiarabu cha kutosha. Alizungumza na Bombay kwa Kihindustani, ambacho Speke alikiokota jeshini India na Bombay alikiokota utumwani huko huko. Bombay alikuwa Myao, alitekwa utotoni, akauzwa Kilwa, akapelekwa India, akawa huru bwana wake alipokufa, kisha akarudi Zanzibar. Hivyo habari za mto wa kwetu zilitoka kwa sheikh, zikaingia kwa Bombay, zikageuzwa Kihindustani cha watu wawili ambao hakuna kati yao aliyezaliwa nacho, zikafika kwa Speke, ambaye aliziandika kwa Kiingereza.

Maneno ya sheikh yametufikia kwa Kiingereza tu, kwa hiyo ninachosema sasa ni dhana ya mtu anayefundishwa sarufi. Tazama sentensi hii: "Mto mkubwa unatoka kaskazini." Mvuvi wa Kalundu anaisikia bila taabu: maji yanakuja kutoka juu, kutoka upande wa Bukavu na ziwa Kivu, yanateremka hadi kwetu. Lakini mtu ambaye akili yake iko kwenye ziwa, na ambaye ametembea miezi saba akitamani Nile, anaweza kusikia kwamba ziwa linatoa mto upande wa kaskazini. Kitenzi "kutoka" hubeba mambo mawili, kuja toka mahali fulani na kwenda nje ya mahali fulani. Kinachoamua ni neno linalofuata. Ukisema "unatoka Kivu" au "unatoka ziwani", hakuna utata. Ukitaja upande tu, msikilizaji anachagua mwenyewe, na mara nyingi huchagua analolitaka. Mkalimani wa Kihindustani naye hawezi kuuacha utata ulivyo: lazima aseme ama mto "unakuja" ama mto "unatokea nje", kwa vitenzi viwili tofauti.

Kama ilikuwa hivyo, basi kosa halikuwa la mtu mmoja. Tena lilikuwa limesharekebishwa, Uvira, na watu wa Uvira. Lililofuata ndilo la kusikitisha. Mwaka 1864, Speke akiwa ameshafariki na ugomvi wao ukiwa haujaisha, Burton alichapa kitabu akidai kwamba Tanganyika ndilo linaloilisha Nile, na kwamba Rusizi unatoka ziwani. Ushuhuda wa wana wa Maruta alikuwa ameuandika mwenyewe miaka minne kabla, akauweka kando. Vyama vya kijiografia vya Ulaya vikaendelea kulijadili jambo ambalo mtoto yeyote wa hapa angelijibu.

Mwembe

Tukifika Ujiji tutaonyeshwa mwembe. Ndipo, mwishoni mwa 1871 (tarehe za wenyewe hazipatani), Henry Stanley alipomkuta David Livingstone. Mti wa wakati ule ulikufa zamani, na iliyopo ni mizao yake. Kuna mnara na nyumba ndogo ya makumbusho. Mgeni anapigwa picha, anasimuliwa juu ya wanaume wawili waliovua kofia, anaondoka. Binafsi sioni ubaya wa mnara, ila naona unamkatiza msikilizaji pale ambapo habari inaanza kumhusu mtu wa Uvira. Baada ya kukutana, wawili hao walipanda mtumbwi mwezi Novemba na kuja kaskazini, hadi mdomoni mwa Rusizi. Wakaona maji yanaingia ziwani. Miaka 13 ilikuwa imepita tangu wana wa Maruta walipolisema hilo. Na mlango wa kweli wa ziwa haukuwa kwetu kabisa. Verney Lovett Cameron aliufikia mwaka 1874 kwenye mto Lukuga, palipo Kalemie ya leo.

Hata wale waliosimama kando ya mwembe huo wanastahili kuhesabiwa upya. Bombay alikuwapo, safari hii akiwa na msafara wa Stanley. Susi na Chuma walikuwapo, wasaidizi wa Livingstone, na Chuma alikuwa amesoma kwa muda katika shule ya misheni mjini Bombay. Mti wenyewe una asili ya India, na jina lake "embe" hulinganishwa na "ambo" la Kigujarati. Miembe ilifuata misafara kama alama: popote walipokaa wafanyabiashara wa pwani muda wa kutosha kula na kutupa kokwa, miembe iliota.

Jambo jingine la kutazama Ujiji ni umbali wa maji. Mgeni hushangaa kwamba bandari mashuhuri namna ile haiko tena karibu na ziwa. Ziwa lilikuwa juu zaidi katika miaka ya 1870. Kizuizi cha udongo na mimea kwenye Lukuga kilipobomoka mwishoni mwa miaka hiyo, maji yalishuka kwa takriban mita 10 katika miaka iliyofuata. Sisi tulioona nyumba za Kalundu zikizama ziwa lilipopanda baada ya mwaka 2020 hatuna haja ya kuelezwa kwamba ufuko si mstari wa kudumu. Kisha reli ya Dar es Salaam ikafika Kigoma mwaka 1914, na biashara ikahamia huko, kilomita zisizofika 10 kutoka Ujiji. Jaisalmer nayo ilififia hivyo, bandari ya Bombay ilipovuta bidhaa baharini na mpaka wa mwaka 1947 ulipokata njia za jangwani.

Sokoni

Sehemu ya Ujiji ambayo ningependa mwanafunzi akae kwa muda mrefu ni soko. Si kwa ajili ya mawe, ni kwa ajili ya hesabu. Cameron, aliyekuwa hapo mwaka 1874, anaeleza kwamba fedha ya soko ilikuwa shanga ziitwazo sofi, zinazofanana na vipande vya shina la kiko kilichovunjika. Soko lilipofunguliwa, watu wenye mifuko ya sofi waliwauzia wanunuzi, wakipokea bidhaa nyingine. Lilipofungwa, walizinunua tena kutoka kwa wauzaji. Walipata faida asubuhi na walipata faida jioni. Mtu aliyewahi kusimama Kavimvira akiwa na faranga za Congo mkono mmoja na za Burundi mkono mwingine, na mbele yake kijana aliyeketi na mafungu ya noti, hahitaji maelezo zaidi.

Nguo nazo zilikuwa fedha: merikani, kitambaa kisichopaushwa kilichopewa jina la nchi kilikofumwa, na kaniki, nguo ya buluu nzito iliyotoka India. Na soko hilo hilo liliuza watu. Hili lisemwe waziwazi, kwa sababu waelekezaji wengine hulisema kwa sauti ya chini. Kufikia miaka ya 1880 mwenye nguvu Ujiji alikuwa Muhammad bin Khalfan al-Barwani, aliyejulikana kama Rumaliza, na mkono wake ulifika kaskazini ya ziwa, kwa mababu zetu. Lugha tunayojivunia ilifika Uvira ndani ya mitumbwi iliyorudi na mateka.

Ng'ambo ya njia: Bhuj

Pembe iliyonunuliwa Uvira kwa merikani na shanga haikuishia Ujiji. Iliendeshwa kwa miguu hadi pwani, ikavuka hadi Zanzibar, na hapo mlangoni palikuwa na watu wa Kutch. Kwa muda mrefu wa karne ya 19 ushuru wa forodha wa Zanzibar ulikodishwa na nyumba ya Jairam Shivji, yenye asili ya Kutch. Burton na Speke walipojiandaa kwa safari, msimamizi wa forodha aliyewasaidia alikuwa Ladha Damji wa nyumba hiyo. Baadaye Taria Topan, Mkutch mwingine, alishika kazi hiyo. Sehemu ya pembe ilikwenda Ulaya na Marekani, sehemu ikaenda India, ambako wanawake wengi wa Gujarat na Rajasthan waliolewa wakiwa na bangili za pembe mikononi.

Kwa hiyo kama siku moja mwanafunzi wa Uvira atapata nafasi ya kuzuru mji wa jangwa la India, ningemshauri achague Bhuj badala ya Jaisalmer, hata kama Jaisalmer ina picha nzuri zaidi. Aingie Aina Mahal, jumba la vioo la Rao Lakhpatji la katikati ya karne ya 18, ambalo tetemeko la tarehe 26 Januari 2001 lilibomoa sehemu yake. Kisha ateremke hadi bandari ya Mandvi, ambako bado wanaunda majahazi ya mbao kandokando ya mto. Kisha asikilize. Mwenye gari la kukokotwa ataliita "gadi". Chapati ataiomba kwa jina lake. Mwenye duka akihesabu fedha nyingi atasema "lakh", kwetu laki. Gunia, cheti, bima, pesa: haya yote yana ndugu zao huko, na bangili iko mkononi mwa bibi arusi.

Neno linalonivutia zaidi ni "bepari". Kigujarati kina "vepari", mfanyabiashara, bila lawama. Lilipofika pwani yetu lilibaki na maana hiyo kwa muda, ndiyo maana Julius Nyerere alipotafsiri tamthilia ya Shakespeare mwaka 1969 aliiita Mabepari wa Venisi. Leo ukimwita mfanyabiashara wa Uvira bepari, jiandae kwa ugomvi. Neno halikubadilishwa na kamusi. Lilibadilishwa na watu waliokuwa upande wa pili wa mizani.

Linganisha sasa "pesa" na "feza" yetu. Tanzania husema pesa, kutoka sarafu ya India. Uvira na Bukavu husema feza, kutoka neno la Kiarabu la madini ya fedha, na mitaani husema franga, iliyoletwa na Wabelgiji. Maneno matatu kwa kitu kimoja, na kila moja lina mwenye mali wake.

Jina la lugha yetu

Wakoloni walipokuta Kiswahili kikizungumzwa kutoka Manyema hadi kwetu walikiita Kingwana, na jina hilo likawekwa vitabuni. Wengi walilitumia kumaanisha Kiswahili kilichoharibika, na bado kuna walimu wanaomsahihisha mtoto wa Uvira anayesema "iko" kana kwamba amevunja sahani. Lakini Kingwana ni lugha ya wangwana, yaani waungwana, na hilo ndilo jina walilojipa wapagazi, askari na watu wa misafara, wengi wao waliowahi kuwa watumwa. Muungwana ni asiye mtumwa. Bombay angelidai jina hilo bila kusita. Mwanafunzi anayekwenda Ujiji na aibu ya lugha yake atashangaa kusikia wazee wa pale wakitumia maneno ambayo yeye aliambiwa ni ya kijijini.

Kabla ya kuondoka

Njia ya nchi kavu hupitia Kavimvira na Gatumba hadi Bujumbura, hufuata ziwa kwa Rumonge na Nyanza-Lac, kisha huvuka mpaka Manyovu na kuteremka Kigoma. Zipo pia meli za mizigo za Kalundu. Mipaka hufunguka na kufungwa kufuatana na usalama, kwa hiyo ulizeni wiki ile ile mnayosafiri.

Kila mmoja abebe daftari na afanye kazi tatu. Ya kwanza, akusanye sokoni Ujiji majina ya vipimo, vitambaa na vyombo, na kando ya kila jina aandike jinsi bibi yake anavyokiita kitu hicho nyumbani. Wabibi wa Uvira wana maneno ya nguo ambayo sijayaona katika kamusi yoyote iliyoko maktaba yetu. Ya pili, amsikilize mwelekezaji penye mwembe na ahesabu ni mara ngapi Mwafrika ametajwa kwa jina.

Ya tatu ifanyike hapa hapa, kabla ya safari. Nendeni Kalundu asubuhi, mitumbwi inaporudi na ndagala, mkaulize wavuvi kumi tofauti habari za Rusizi. Msiulize "inaingia au inatoka?", kwa sababu swali la namna hiyo linampa mtu jibu mdomoni. Ulizeni tu: "Baba, Rusizi ni mto wa namna gani?" Andikeni kila kitenzi kama kilivyotamkwa, pamoja na neno lililokifuata.